Kwa nini kaseti za michezo ya video ziligharimu kuliko diski

Katikati ya miaka ya 1990, kampuni mbili za Japani zilifuata njia tofauti. PlayStation ya Sony, iliyotoka Desemba 1994, ilitumia diski za CD. Nintendo 64, iliyotoka Juni 1996, ilibaki na kaseti.

Kaseti hubeba chipu za kumbukumbu, na kadiri mchezo unavyokua ndivyo gharama ya chipu inavyopanda. Diski ni plastiki inayogandamizwa kwenye kalibu kwa sekunde chache. Uundaji wa kaseti ulichukua wiki kadhaa, hivyo mchapishaji alilazimika kuagiza na kulipia mapema. Zikidoda dukani, hasara ilikuwa yake.

Kaseti haikumchelewesha mchezaji, na ilikuwa vigumu kuinakili. Hata hivyo, iliyo kubwa kabisa ya Nintendo 64 ilibeba megabaiti 64, ilhali CD hubeba takriban 650. Kampuni ya Square, mshirika wa Nintendo kwa miaka mingi, ilihamia kwa Sony, na Final Fantasy VII ikatoka Januari 1997 katika diski 3. Mwaka 2001, Nintendo nayo iligeukia diski kwa mashine yake ya GameCube.