Risasi Nzito na Risasi Nyepesi ya Mbio

 

Ninyi mnaotusikiliza huko Mtumba mwajua kwamba katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu, kutoka Tabora kwenda pwani, ilikatiza Ugogo na kuwalipa watemi hongo. Leo tuulize: ndovu hao walipigwa kwa nini?

Pamoja na mikuki na mashimo, wawindaji walitumia bunduki za baruti nyeusi. Baruti hiyo haikuipa risasi mbio nyingi. Basi mtu akitaka nguvu, aliongeza uzito. Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917, aliwinda ujanani kusini mwa Afrika kwa risasi ya robo ratli hivi. Bunduki ilimpiga teke begani, na moshi ukamficha mnyama.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwingi. Risasi ikapata mbio. Shikeni hesabu hii: uzito ukiongezwa mara mbili, nguvu huwa mara mbili, mbio zikiongezwa mara mbili, nguvu huwa mara nne.

Hapo mabishano yakaanza. James Sutherland, aliyewinda kusini mwa nchi yetu wakati wa Wajerumani, alipenda bunduki ya .577, yenye risasi ya gramu 48 hivi. W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, alipenda ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11. Ile ya kwanza ilikuwa na nguvu zaidi ya mara tatu. Hata hivyo Bell aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo. Alikata fuvu kwa msumeno ajue ubongo ulipo, akatumia risasi ngumu isiyopasuka.

Je, ndogo ndiyo bora? La. Asiye na shabaha ya Bell hujeruhi tu, na ndovu mwenye jeraha huteseka siku nyingi, au humkuta mama akienda kuchota maji. Ndiyo sababu nchi nyingi zimeweka kipimo cha chini cha bunduki kwa wanyama wakali.

Jadilianeni: kati ya chombo na maarifa ya mtumiaji, kipi kilimaliza ndovu wetu zaidi? Au ni bei ya pembe?

Kwaherini.