Hadithi ya mfululizo

Hadithi ya mfululizo ni hadithi inayotolewa kipande kwa kipande, kwa muda uliopangwa, huku hadhira ikisubiri kipande kinachofuata. Hupatikana katika magazeti, vitabu, redio, sinema, televisheni na michezo ya kompyuta. Haitofautiani na riwaya ya kawaida kwa urefu bali kwa kule kusubiri: hadhira huanza kuifuata wakati mwisho wake haujatolewa, na mara nyingi haujaandikwa. Mtunzi huwa na deni kwa watu wake, nao hupata nafasi ya kumsukuma kabla hajamaliza. Wasomaji wa magazeti ya Kiswahili wanalijua deni hilo kwa neno moja lililochapwa chini ya safu: "Itaendelea."

Aina

Mifululizo hugawanyika katika aina kuu mbili. Ya kwanza ni ile inayoendelea, ambapo kila sehemu huanzia pale iliyotangulia ilipokomea. Aliyekosa sehemu tatu hulazimika kumuuliza jirani. Ya pili ni ya visa vinavyojitegemea: wahusika ni walewale na mahali ni palepale, lakini kila kisa huanza na kwisha siku hiyohiyo. Kipindi cha Kenya cha Vioja Mahakamani ni cha aina hii. Kesi hufunguliwa, mashahidi husikilizwa, hukumu hutolewa, na wiki inayofuata anapanda kizimbani mshitakiwa mwingine.

Kuna pia aina ya mchanganyiko. Kesi ya leo huisha leo, lakini ndoa ya mpelelezi huendelea kuvunjika taratibu kwa msimu mzima. Tamthilia ya polisi ya Marekani, Hill Street Blues, iliyoanza mwaka 1981, ilichangia sana kuueneza mtindo huo kwenye televisheni.

Asili

Kukatisha hadithi ili msikilizaji arudi ni ujanja wa wasimulizi uliotangulia mitambo ya uchapaji. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazadi huinunua roho yake kwa kuikatiza hadithi alfajiri inapoingia, na mfalme humwacha hai hadi usiku wa pili ili asikie yaliyobaki. Huko China, riwaya za kale zilizotokana na sanaa ya wasimulizi wa hadharani zilifunga sura zake kwa kumwalika msomaji asikilize sura inayofuata. Ulaya iliupokea mkusanyo wa Shahrazadi kupitia tafsiri ya Kifaransa ya Antoine Galland, iliyochapishwa kwa majuzuu kati ya 1704 na 1717, nayo yenyewe ikawaacha wasomaji wakisubiri kwa miaka.

Magazeti na vitabu

Karne ya 19 iliufanya mfululizo kuwa biashara kubwa. Charles Dickens alianza kutoa The Pickwick Papers jijini London mwezi Aprili 1836. Kila mwezi kilitoka kijitabu cha shilingi moja, wakati riwaya ya majuzuu matatu iliuzwa kwa shilingi 31 na nusu. Mtu asiyeweza kununua riwaya nzima aliweza kuinunua kidogo kidogo, kama anavyonunua sukari ya kupima. Mwanzoni mauzo yalisuasua. Katika kijitabu cha nne akaingia mtumishi mcheshi, Sam Weller, wasomaji wakampenda, naye Dickens akampa nafasi kubwa zaidi. Hadithi ilipofungwa mwezi Novemba 1837, kila toleo lilikuwa likiuza takriban nakala 40,000.

Jijini Paris, gazeti la La Presse la Émile de Girardin lilianza mwaka 1836 kwa bei nafuu, na mwaka huohuo likachapisha riwaya ya Balzac kwa vipande. Eugène Sue alifuata na Les Mystères de Paris katika Journal des Débats, 1842 hadi 1843. Wasomaji walimwandikia barua wakimweleza shida za maskini na kumshauri la kufanya na wahusika wake, naye aliwasikiliza. Katika gazeti hilohilo Alexandre Dumas alichapisha Le Comte de Monte-Cristo kuanzia 1844.

Arthur Conan Doyle alichukua njia ya visa vinavyojitegemea. Kuanzia Julai 1891, jarida la The Strand lilitoa hadithi fupi za Sherlock Holmes ambazo kila moja ilikamilika peke yake, hivyo aliyekosa toleo moja hakupotea. Doyle alimchoka Holmes, akamuua katika hadithi ya Desemba 1893. Wasomaji walilalamika kwa nguvu, baadhi wakaacha kulinunua jarida, na mwaka 1903 Holmes akarudishwa akiwa hai.

Fasihi ya Kiswahili ina mpelelezi wa ukoo huo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimuumba Bwana Msa, mvuta kiko mwenye rafiki aitwaye Najum, akamtumia katika riwaya kadhaa kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kosa la Bwana Msa (1984). Elvis Musiba alifanya vivyo hivyo na Willy Gamba, na Ben Mtobwa na Joram Kiango. Katika magazeti ya Tanzania, Eric Shigongo alijijengea jina kwa hadithi ndefu zilizotoka toleo baada ya toleo kabla ya kukusanywa kuwa vitabu.

Sinema

Sinema ilikopa mtindo huu kutoka magazetini. Louis Feuillade wa Ufaransa alitoa filamu tano za Fantômas kati ya 1913 na 1914, kisha Les Vampires yenye sehemu 10, 1915 hadi 1916. Marekani ilikuwa na The Perils of Pauline ya mwaka 1914, iliyoigizwa na Pearl White, na The Hazards of Helen iliyofikisha sehemu 119 kufikia 1917. Watazamaji walirudi kila wiki kuona shujaa ameponaje. Televisheni ilipoingia majumbani, soko hilo lilikufa. Mfululizo wa mwisho wa aina hiyo kutoka studio kubwa za Hollywood ulitolewa mwaka 1956.

Mbegu yake haikupotea. George Lucas alipotengeneza Star Wars (1977), maandishi yanayopanda mwanzoni mwa filamu aliyaiga kutoka mifululizo ya Flash Gordon ya miaka ya 1930. Baadaye Marvel ilitoa filamu 22 zilizounganishwa kuwa hadithi moja, kutoka Iron Man (2008) hadi Avengers: Endgame (2019).

Redio

Jijini Chicago, mwaka 1930, Irna Phillips alianza kuandika Painted Dreams, mchezo wa kila siku kuhusu maisha ya nyumbani. Michezo ya namna hiyo iliwalenga akina mama, na kampuni za sabuni zikawa wadhamini wakubwa. Ndiyo sababu Wamarekani waliipa jina la sabuni. Mmojawapo, Guiding Light, ulianza redioni mwaka 1937, ukahamia televisheni mwaka 1952 na kufungwa mwaka 2009, baada ya miaka 72.

Wengine waliona kwamba mtu anayesubiri hadithi yuko tayari pia kujifunza. The Archers ya BBC, iliyoanza kurushwa Uingereza nzima tarehe 1 Januari 1951, iliwapa wakulima ushauri wa kilimo ndani ya maongezi ya wahusika. Nchini Peru, tamthilia ya Simplemente María (1969) ilimwonyesha mtumishi wa ndani aliyejikwamua kwa cherehani, na mauzo ya cherehani yakapanda. Miguel Sabido wa Mexico aliichambua, akaunda kanuni yenye wahusika wa makundi matatu: wema, wabaya, na wale wanaoyumba katikati ambao mtazamaji hujiona ndani yao.

Kanuni hiyo ilifika Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980 kupitia mchezo wa redio wa Ushikwapo Shikamana na tamthilia ya televisheni ya Tushauriane. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mhusika mbaya alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima. Aliyeyumba katikati alikuwa mkewe, Tunu. Mkwaju aliambukizwa virusi vya UKIMWI na kufa, na Tunu akajitegemea. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi 1995, jambo lililowawezesha watafiti, akiwemo Everett Rogers, kulilinganisha na maeneo mengine. Waliona kwamba palipokuwa na mchezo, watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Mfululizo ulifaa kwa kazi hiyo kuliko tangazo kwa sababu ulimpa msikilizaji muda wa kumzoea Mkwaju, kumcheka, kumjadili kibarazani, na hatimaye kumzika.

Televisheni

Coronation Street ya Uingereza, iliyoanza tarehe 9 Desemba 1960, haina mwisho uliopangwa. Tamthilia za Amerika ya Kilatini hufuata desturi nyingine: hurushwa karibu kila siku kwa miezi kadhaa, kisha hufungwa kwa harusi, kifo au haki kutendeka. Dallas ya Marekani ilionyesha nguvu ya kuwaacha watu roho juu. Mwezi Machi 1980 J.R. Ewing alipigwa risasi sehemu ya mwisho ya msimu. Jina la aliyempiga lilipotajwa tarehe 21 Novemba, Wamarekani takriban milioni 83 walikuwa mbele ya televisheni.

Afrika Mashariki ilizifuata tamthilia za nje, kama Isidingo ya Afrika Kusini iliyopendwa sana Tanzania, pamoja na za nyumbani kama Tahidi High ya Kenya na Jua Kali ya Tanzania. Mwezi Februari 2013 Netflix ilitoa sehemu zote 13 za House of Cards kwa siku moja, na kusubiri kukawa hiari ya mtazamaji mwenyewe. Baadaye huduma nyingi za intaneti zilirudia utaratibu wa sehemu moja kwa wiki, kwa kuwa hadithi iliyomalizwa usiku mmoja haijadiliwi kwa miezi miwili.

Michezo ya kompyuta

Katika mchezo wa kompyuta hadhira ndiyo inayomwendesha mhusika, hivyo sehemu inayofuata hulazimika kukumbuka uamuzi wa kila mchezaji. The Walking Dead ya kampuni ya Telltale ilitolewa kwa sehemu tano kati ya Aprili na Novemba 2012. Aliyeokolewa na aliyeachwa afe katika sehemu ya kwanza waliathiri zilizofuata. Life Is Strange ilifuata mwaka 2015, nayo kwa sehemu tano. Kentucky Route Zero ilihitaji miaka saba kutoa maonyesho yake matano, kutoka 2013 hadi 2020.

Hadithi zisizofika mwisho

Kwa kuwa mfululizo huuzwa kabla haujakamilika, baadhi ya madeni hayalipwi. Dickens alifariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa ameandika sehemu sita kati ya 12 za The Mystery of Edwin Drood, na muuaji hakutajwa. Telltale ilipofungwa mwaka 2018 msimu wa mwisho wa The Walking Dead ulikuwa katikati. Kampuni ya Skybound iliuchukua na kuumalizia mwezi Machi 2019. Nayo kampuni ya Valve ilitangaza sehemu tatu za kuuendeleza mchezo wa Half-Life 2: ya kwanza ilitoka mwaka 2006, ya pili mwaka 2007 ikaishia msibani, na ya tatu haikutolewa.