Mtumwa Alitumwa na Nani? Utumwa na Hukumu Yetu juu ya Nyumba za Kifalme

Katika hadithi za nchi za kufikirika, mfalme hupimwa kwa hekima yake barazani, ushujaa wake vitani na ukarimu wake kwa wageni. Watumwa wa nyumba yake hupita pembeni wakibeba sinia. Msomaji hufunga kitabu akimsifu mfalme, wala haulizi waliobeba sinia walitoka wapi. Makala haya yanalitazama suala hilo kwa kurejelea historia ya eneo la Busia na Tororo, ambako Kiswahili kilifika pamoja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa.

Tuanze na lugha yenyewe. Kutokana na kitenzi "tuma" tunapata mtume, mtumishi na mtumwa. Mtume huheshimiwa kwa ajili ya aliyemtuma, na mtumishi ana ujira wake. Neno mtumwa pekee ndilo lenye kiambishi cha kutendwa, -w-. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua kuwa kauli ya kutendwa huweza kumficha mtendaji. Twasema "watu walikamatwa, wakauzwa," na sentensi hukamilika bila kutaja nani aliyekamata wala nani aliyeuza.

Historia ya Mumias, mashariki ya Busia, inatupa mtendaji huyo. Hapo palikuwa makao ya Nabongo, mtawala wa Wawanga. Wasafiri walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Busoga, alikouawa. Wakati huo Mumia, mwana wa Shiundu, alikuwa ameshika utawala. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu walipata hapo chakula, mapumziko na ulinzi. Nyumba ya Nabongo ilipata bidhaa, pamoja na msaada wa bunduki dhidi ya majirani. Waliokamatwa katika mashambulizi ya majirani hao ndio walioilipia urafiki huo.

Baadaye Waingereza walimkuta Mumia mshirika mwema. Mwaka 1895 C. W. Hobley aliongoza vita dhidi ya Wabukusu, vilivyomalizikia katika ngome ya Chetambe, na watu wa Mumia walikuwa upande wake. Mwaka 1909 serikali ilimtambua Mumia kuwa Chifu Mkuu. Upande wa Tororo na Mbale, Semei Kakungulu, jemadari kutoka Buganda, alipanua utawala kwa niaba ya Waingereza kuanzia mwaka 1899. Watu wake walitwaa ng'ombe kwa bunduki, na wenyeji wakafanyishwa kazi za barabara. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba bendera mpya ilifuta kila aina ya kutumikishwa. Sheria ilifuta utumwa Zanzibar mwaka 1897 na Kenya mwaka 1907, ilhali kazi za lazima ziliendelea.

Je, tuwahukumu watawala hao? Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba huo ulikuwa wakati wao, na kila mtu alifanya hivyo. Hoja hii ina kasoro kubwa, kwani aliyekamatwa naye aliishi wakati uleule. Vijiji vya Wabukusu vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, ambavyo wasafiri waliviona, ni ushahidi kuwa kulikuwa na watu waliokataa kushambuliwa. Tukisema "kila mtu," tunakuwa tumewatoa hao katika hesabu ya watu. Hata hivyo, hukumu hiyo isiwaangukie wajukuu. Mtoto wa Kiwanga aliyeketi darasani leo hana deni la Shiundu. Tunachohukumu ni tendo na faida iliyopatikana, wala si damu.

Waandishi wetu wametuonyesha njia. Katika Kusadikika (1951), nchi iliyobuniwa na Shaaban Robert, Karama anasimama mbele ya mfalme na kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi yao, kisha wakafungwa waliporudi. Hapo waliotumwa wametajwa kwa majina, na waliowafunga wanasikia. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anampa mhusika wake mkuu jina la Kijakazi, yaani mtumwa mdogo wa kike. Utumwa ulikuwa umekwisha kisheria, lakini jina na kazi zilibaki katika shamba la bwana.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi moja. Chagueni hadithi yoyote ya nyumba ya kifalme, iwe ya kubuni au ya kweli. Wanafunzi watafute sentensi zote za kutendwa zinazohusu watu wa chini: walitekwa, waligawiwa, waliozeshwa, walitumwa. Kisha wazigeuze ziwe za kutenda, kila moja ikiwa na mtendaji wake. Pale ambapo matini hayamtaji, waulize ni nani aliyenufaika kwa kutotajwa kwake. Zoezi hili litafundisha mnyambuliko wa vitenzi vizuri, na litamwezesha mwanafunzi kumsifu mfalme, au kumlaumu, akiwa amewaona watu wote wa nyumba yake.