Kununua na Kuruhusiwa: Habari ya Michezo na Kuazimana, Mbulu na Hanang

Kila mali ina maswali mawili. La kwanza ni mali hiyo ni ya nani; la pili ni mwenyewe ana uwezo gani juu yake. Aghalabu watu huridhika na jibu la kwanza, wakidhani kwamba la pili limo ndani yake kama kiini kilivyomo ndani ya yai. Historia yaonyesha kwamba sivyo. Katika wilaya za Mbulu na Hanang maswali haya yamejibiwa kwa njia mbalimbali tangu zamani, na mashine za michezo ya video, ambazo ni wageni wa juzi tu, zimeyazusha upya.

Yafaa kuanza na mchezo wa kale. Katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanaume wa Wahadzabe wana mchezo wa bahati uitwao lukuchuko. Vyombo vyake ni visahani vya magome ya mti, upande mmoja laini na wa pili wenye kukwaruza. Kila mchezaji ana kisahani chake, na kipo kimoja cha kuamua. Visahani hurushwa pamoja kwenye shina la mti. Ambaye chake peke yake kimeangukia upande ule ule wa kisahani cha kuamua, huyo ndiye mshindi. Mtaalamu mmoja Mwingereza, James Woodburn, ambaye alianza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika makala yake ya mwaka 1982 kwamba mchezo huo ulikuwa njia kuu ya kusafirisha vitu. Mishale ya sumu, visu, mashoka, ushanga na viko vya mawe vilitoka mkono hata mkono, kambi hata kambi, na mtu wa mahali pasipopatikana jiwe la kuchonga kiko aliweza kupata kiko. Lakini vilikuwapo vitu ambavyo havikuruhusiwa kuwekwa katika mchezo: upinde wa mtu, mishale yake isiyo ya sumu, na mkoba wake wa ngozi. Aliyeshindwa vyote vingine alirudi kambini na chombo cha kutafutia chakula. Ndiyo kusema marufuku yalikuwapo, ila machache, na kusudi lake lilikuwa kwamba vitu vitembee bila ya mtu kuangamia.

Katika nyanda za juu na mbuga za Hanang, mali itembeayo ni ng'ombe. Kwa Wairaqw, kama kwa Wadatoga jirani zao, mwenye mifugo mingi hakuiweka yote katika boma moja. Alimkabidhi mwenzake ng'ombe mmoja au wawili. Mtunzaji alipata maziwa, na samadi kwa shamba lake. Ng'ombe mwenyewe alibaki mali ya aliyemtoa, na uzao ulihesabiwa kwa mapatano. Faida ilikuwa ya wote wawili: maskini alipata kinywaji cha watoto, na tajiri alijikinga na maradhi au ukame ambao ungaliweza kumaliza boma zima kwa msimu mmoja. Mapatano haya yalikuwa na masharti, na yaliweza kuzaa ugomvi. Lakini mwenye kuweka sharti na mwenye kulifuata walijuana kwa sura, na lilipotokea shaka walikuwapo wazee wa kuamua.

Eneo hili lilijifunza pia, kwa uchungu, kwamba kutumia kitu si sawa na kukimiliki mbele ya sheria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano upande wa Basotu, ambayo hatimaye yalifika ekari zipatazo laki moja. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, mojawapo ya makundi ya Wadatoga. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, na mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo kwa sehemu yake kubwa, ikishika kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kilipewa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Malisho ya vizazi na mchezo wa video havina uzito mmoja, wala haifai kuvilinganisha kwa kupima hasara. Vinalingana katika jambo moja tu: mtu aweza kukaa na kitu miaka mingi akikiita changu, kisha siku ya shauri akaambiwa kwamba jina hilo halikuandikwa popote.

Sasa zije mashine za michezo. Msingi wa haki ya mnunuzi ni wa zamani kuliko mashine zenyewe. Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani ilisikiliza shauri la mchapishaji aliyeandika ndani ya kitabu kwamba asikiuze mtu kwa bei ya chini ya dola moja. Duka la Macy's lilikiuza kwa senti 89. Mahakama iliamua kwamba mchapishaji akisha kuuza nakala, hana mamlaka tena juu ya bei ya kuuzwa kwake mara ya pili. Haki ya kunakili ilibaki kwake. Nakala iliyouzwa ilikwenda zake.

Kufuli za michezo zilianza na sababu iliyoeleweka. Mwaka 1983 biashara ya michezo ya video ilianguka Marekani, na moja ya sababu ni kwamba maduka yalijaa michezo mibovu ya kila mtengenezaji. Kampuni ya Nintendo ilipopeleka mashine yake huko mwaka 1985 iliweka ndani yake kidude cha elektroniki, chenye mwenzake katika kila kaseti ya mchezo. Viwili visipotambuana, mashine haikubali. Kufuli hiyo iliuliza kama kaseti ni halali. Haikuuliza imeshikwa na nani. Mtoto aliweza kumwazima rafiki yake kaseti, na rafiki akacheza.

Diski zilipochukua mahali pa kaseti, hasa baada ya PlayStation kutoka Japani mwaka 1994 na PlayStation 2 mwaka 2000, kunakili kulikuwa rahisi. Katika miji ya Tanzania vikatokea vibanda vya gemu, ambamo vijana hulipa kwa mechi, hushika pedi kwa zamu, na aliyefungwa humpisha anayengoja. Kijana asiyeweza kununua mashine katika maisha yake yote aliweza kucheza kwa sarafu chache. Lakini diski nyingi za vibanda zilikuwa za kuchomwa, na mashine zilifunguliwa ili zizikubali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Hivyo nakala zile hazikuwa na utetezi.

Hapa hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Anayeazima hutoa, na akisha kutoa hana. Ng'ombe akienda boma la jirani, maziwa ya asubuhi hayako tena nyumbani kwa mwenyewe. Anayenakili hutoa na kubaki nacho. Mtengenezaji ana haki ya kulalamikia la pili, kwa maana kazi ya mamia ya watu huliwa bila malipo. Kosa la kufuli zilizofuata ni kwamba, kwa kumwandama mwenye kunakili, zilimkamata pia mwenye kuazima.

Jambo hilo lilidhihirika mwezi wa Juni 2013. Microsoft ilitangaza kwamba mashine yake mpya, Xbox One, italazimika kuunganishwa na intaneti walau mara moja kila saa 24, na kwamba mchezo wa diski utaweza kupewa rafiki mara moja tu, naye awe amekuwamo katika orodha ya marafiki kwa siku 30. Katika nchi 21 zilizotajwa kwanza kwa uzinduzi haikuwamo hata moja ya Afrika Mashariki. Tarehe 10 Juni, Sony ilitangaza kwamba PlayStation 4 haitakuwa na masharti hayo, ikatoa na filamu fupi ya kufundisha kuazimana: mtu mmoja anampa mwenzake kasha la mchezo, basi. Tarehe 19 Juni, Microsoft iliyaondoa masharti yake. Kwa haki yatajwe pia kwamba pamoja nayo iliondoa mpango wa kushirikisha michezo kwa watu kumi wa jamaa moja.

Watu walidhani shauri limekwisha. Halikwisha, lilibadili mlango. Mwezi wa Novemba 2020 Sony iliuza PlayStation 5 ya namna mbili, moja ikiwa haina kabisa mahali pa kutia diski. Mchezo wa mashine hiyo hushushwa kutoka intaneti na kufungwa kwa jina la mnunuzi. Mwaka 2025 Nintendo iliruhusu michezo ya namna hiyo kuazimwa, lakini kwa watu walioandikishwa katika kundi la familia, na kwa wiki mbili. Kufuli ya mwaka 1985 iliikagua kaseti. Ya sasa humkagua mtu. Jimbo la California, kwa sheria iliyoanza Januari 2025, linataka muuzaji amweleze mnunuzi waziwazi pale anapopata ruhusa tu wala si mali. Sheria hiyo haimwongezei mnunuzi haki yoyote. Yamfanya ajue mapema kile ambacho wengine hukijua wakati wa kunyang'anywa.

Msomaji atauliza, haya yanaihusu nini Katesh au Mbulu mjini? Yanaihusu sana. Vitu vingi vya viwandani huwafikia watu wa huko baada ya kupita mikono mingine: nguo, redio, simu, baiskeli. Mnadani hununuliwa kitu ambacho mwenye kwanza, labda wa nchi ya mbali, alikuwa na haki ya kukiachia. Mashine iliyotumika yaweza kusafiri hivyo pamoja na diski zake. Mchezo uliofungwa kwa jina la mtu hausafiri. Ukifungwa duka lake la mtandaoni, kama Nintendo ilivyofunga maduka ya Wii U na 3DS mwezi wa Machi 2023, hata njia ya kuununua upya huziba. Hasara ya mnunuzi wa kwanza ni ndogo, kwa kuwa amekwisha kucheza. Hasara kubwa ni ya yule wa mwisho, ambaye hakuwapo masharti yalipoandikwa.

Wazee wa lukuchuko nao waliweka marufuku. Waliukataza upinde usitoke mkononi mwa mwenyewe, ili asilale njaa; kiko wakakiacha kiende, kikafika kwa watu wasio na jiwe.