Kitega Uchumi Ng'ambo ya Pantoni

Mama mdogo wangu alistaafu ualimu akiwa na miaka 60. Kiinua mgongo hakijatulia hata wiki mbili benki, simu zikaanza kuita. Mmoja anauza bodaboda, mwingine vifaranga vya kuku wa mayai. Wa tatu alikuja mwenyewe hadi sebuleni, kijana mtanashati, kiatu kinang'aa, akamfungulia picha ya ghorofa moja upande wa Kigamboni. Kuna bwawa la kuogelea, kuna minazi, kuna watoto wa kuchorwa wanakimbizana kwenye majani. Ghorofa lenyewe halijaanza hata msingi.

"Nunua fleti sasa hivi ikingali mchoro, mama," kijana akasema. "Hiki ndicho kitega uchumi cha uzeeni."

Bei milioni 60. Atoe kiinua mgongo chote, halafu kinachobaki auze kile kiwanja chake cha Chanika. Jioni akaniita.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Wewe si ndiye unajifanya msomi wa historia? Haya niambie, ninunue nisinunue?"

Ndugu msomaji, nilibabaika. Historia haina orodha ya bei. Lakini nikaona nisimjibu kwa ubabaishaji mtu aliyenifundisha kusoma. Nikaomba siku tatu, nikafukua madaftari na vitabu, na haya ndiyo niliyomrudishia.

Kwanza neno lenyewe. Kitega uchumi limetokana na kutega. Pale Samora kuna jengo zima linaloitwa hivyo, na wazee hulitamka bila kufikiri. Lakini mtu anayetega mtego lazima ajue mnyama anapita wapi, na usiku wa manane asije akaukanyaga mwenyewe. Je, katika jiji hili la Dar es Salaam mnyama amekuwa akipita wapi?

Kitega uchumi cha zamani cha mwananchi wa kawaida kilikuwa nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo. Unaijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na jiko. Mwenye nyumba analala chumba kimoja, vingine anapangisha. Wanawake wengi nao walikuwa na nyumba zao za namna hiyo. Mwenye nyumba anamwona mpangaji wake asubuhi na jioni, anajua nani kalipa na nani anakwepa kwa mlango wa nyuma. Paa likivuja linawavujia wote. Mtego uko mlangoni, na mtegaji yuko hapo hapo.

Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Mwaka 1963 sheria ilifuta umilikaji wa ardhi wa milele. Ardhi ikawa ya umma, na mwananchi akawa anapewa haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo tangu hapo mtu wa mjini akisema "kiwanja changu", maana yake ni "muda wangu juu ya kiwanja".

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Miongoni mwa masharti ya uongozi ni kwamba kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa lugha ya vijiwe vya wakati ule, anayekula kodi ya mwenzake alikuwa mtu wa mirija, mnyonyaji. Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo: jengo la kuanzia shilingi 100,000 ambalo mwenyewe haliishi lote likawa mali ya Serikali. Likiwa limezidi miaka kumi, fidia hakuna. Waliopoteza wengi walikuwa Waasia wa mijini. Majumba yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba ndogo za Kariakoo hazikufikia thamani ile, zikapona.

Sisemi haya ili kumlaani wala kumsifu mtu. Ninachotaka mama mdogo aone ni kwamba mtu aliamka asubuhi na ghorofa la kupangisha, akalala usiku hana.

Basi upepo ukageuka tena. Februari 1991, enzi za Mzee Ruksa, chama kilikutana Zanzibar kikalegeza masharti yale. Kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba. Aliyekuwa mnyonyaji akawa mjasiriamali, na siku hizi anaitwa mwekezaji, anapigiwa makofi kwenye semina. Lakini ruksa bila fedha ni wimbo tu. Benki ya Nyumba, iliyoundwa mwaka 1972 ili kumkopesha mtu wa mshahara, ilianguka mwaka 1995. Ndiyo maana jiji letu limejengwa kwa tofali la leo na mfuko wa saruji wa mwezi ujao. Nyumba zisizokwisha za Mbezi na Tabata, nondo zimechungulia angani miaka kumi, zilikuwa ndiyo benki ya wengi. Kama kile kiwanja cha Chanika.

Fleti je? Hapa ndipo nilipostuka mwenyewe. Kumiliki fleti peke yake, ghorofa ya tatu, na hati yenye jina lako, ni jambo changa sana kwetu. Sheria ya kumiliki sehemu ya jengo ilipitishwa mwaka 2008. Sheria hiyo inasema hivi, kwa maneno yangu: ndani ya kuta zako ni kwako, lakini ngazi, lifti, paa, tangi la maji, ua na ardhi iliyo chini ni mali yenu nyote. Mtaunda umoja wenu, mtachangishana, mtakaa vikao. Kwa maneno mengine, hununui nyumba tu. Unanunua majirani usiowajua, na nusu ya amani yako iko mifukoni mwao. Ile ya Kariakoo ilivuja ukapanda juu na bati moja. Hii lifti ikiharibika, unaitisha mkutano.

Sasa tuvuke maji twende Kigamboni kwenyewe. Mwaka huo huo 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni. Wenyeji wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mji ushuke. Walisubiri miaka na miaka, mtu hakuweza hata kuongeza chumba cha mtoto, na mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Kisha NSSF kwa ubia na kampuni binafsi wakaanza mradi mkubwa pale Dege, nyumba zaidi ya 7,000. Ujenzi ulisimama mwaka 2016, yakabaki magofu mapya, kitu ambacho hata Kilwa hawana. Na mwaka huo huo, Aprili, likafunguliwa Daraja la Nyerere, mita 680, na kumpunguzia mtu foleni ya pantoni. Ajabu ya dunia: daraja lenye jina la aliyewakataza viongozi kupangisha nyumba ndilo lililopandisha hamu ya watu kununua nyumba za kupangisha.

Sijasema Kigamboni ni pabaya. Watu wanahamia, maduka yanafunguka, watoto wanasoma. Wala fleti si dhambi. Jiji haliwezi kutambaa kwenda Kibaha milele, lazima siku moja lipande juu. Nachosema ni kwamba kama mradi wenye mgongo wa mfuko wa wafanyakazi ulikwama, basi kampuni isiyokuwa na jengo hata moja la kutuonyesha haifai kupewa jasho la miaka thelathini na tano ya chaki kwa sababu ya picha ya mnazi. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Nilipomaliza, mama mdogo akachukua kalamu. Ni mwalimu wa hesabu, hilo nilisahau.

"Kijana alisema itapangishwa laki tatu kwa mwezi. Mwaka mzima ni milioni tatu na laki sita. Milioni 60 itarudi baada ya..." Akaandika. "Miaka kumi na sita na miezi minane. Hapo sijalala na nyumba tupu hata siku moja."

"Weka mwezi mmoja kwa mwaka mpangaji hayupo," nikasema. "Na mchango wa lifti na mlinzi, tuseme elfu thelathini kila mwezi."

Akaandika tena, polepole. "Inabaki milioni mbili na laki tisa na elfu arobaini. Zaidi ya miaka ishirini." Akavua miwani. "Na bado haijajengwa. Nitakuwa nimevuka themanini, mwanangu. Nitakuwa nimemtegea nani?"

Sikuwa na jibu. Historia nayo haikuwa nalo.

Asubuhi akampigia yule kijana mbele yangu. Hakumgombeza. Alimuuliza maswali matatu tu, kwa sauti ile ile ya darasani: hati ya kiwanja ina jina la nani na imebaki na miaka mingapi? Hati ya fleti yangu nitaipata lini? Na fedha yangu inakaa wapi mpaka siku nitakayoshika ufunguo?

Kijana akasema, "Maswali mazuri sana hayo, mama. Ngoja niulizie ofisini, nitakupigia leo leo."

Huu ni mwezi wa nne. Jumamosi iliyopita tulikwenda Chanika kufyeka majani kwenye kiwanja. Mama mdogo alipima kwa hatua, huku vitatu na huku vitatu, kisha akasimama pale ambapo ukumbi ungepita, akatazama upande wa barabara.