Kutuliza, Kupatanisha, Kutiisha: Historia ya Kitenzi cha Kiingereza "Pacify"

Kitenzi cha Kiingereza pacify hufasiriwa kwa kawaida kuwa tuliza. Fasiri hiyo yatosha kwa habari ya mtoto anayelia. Kwa nyaraka za historia haitoshi.

Asili yake ni Kilatini: pax, yaani amani, na facere, yaani kufanya. Kilipitia Kifaransa, kikaingia Kiingereza katika karne ya 15. Humo kikabeba maana mbili kuu: kupoza hasira ya mtu, na kuitia nchi katika amani. Maana hii ya pili ina mizizi ya kale. Julius Caesar, akisimulia vita vyake vya Gallia vilivyoanza mwaka 58 K.K., alitumia pacare, kitenzi cha ukoo huohuo, kwa watu aliowashinda kwa upanga.

Maana hiyo ndiyo iliyofika Afrika ya Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza. Nomino pacification ilitumiwa kuelezea kampeni za kijeshi, zikiwemo zile dhidi ya Wanandi zilizoanza mwaka 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wao, aliuawa kwa risasi na Kapteni Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mashauri ya amani. Chinua Achebe aliielewa vema hila ya neno hilo: riwaya yake ya mwaka 1958, Things Fall Apart, inamalizikia kwa mtawala wa kikoloni anayewaza kuliweka katika jina la kitabu chake.

Kiswahili, kwa upande wake, hutenga dhana hizo. Tuliza, kauli ya kusababisha ya tulia, huonyesha hali ya yule anayetulizwa: ghasia imemtoka moyoni. Patanisha ina kiambishi -an- cha kutendana. Hapana budi pawepo pande mbili, na kila upande uwe na neno lake. Tiisha, kutokana na tii, haidai amani yoyote. Yadai utii tu.

Kwa hiyo, mfasiri anayeandika kwamba Waingereza "waliwatuliza" Wanandi hafasiri tukio, bali anarudia madai ya mshindi, na kuwafanya waliopigania ardhi yao waonekane kama watu waliopandwa na hasira. Neno linalostahili hapo ni waliwatiisha. Pale ambapo ni lazima kauli ya mtawala ihifadhiwe, basi na itiwe katika alama za mtajo, msomaji ajue ni ya nani.