Mikutano ya Walimu wa Lugha ya Kigeni Handeni na Korogwe: Nani Alialikwa, na kwa Lugha Gani?



1. Utangulizi

Historia ya ufundishaji wa lugha nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kufuata sera. Tunafahamu kwamba mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na kwamba Kiingereza kilibaki kuwa somo katika ngazi hiyo na lugha ya kufundishia katika sekondari. Linalozungumzwa kwa nadra ni vile vikao, semina na mafunzo kazini ambamo mwalimu alitarajiwa kujifunza namna ya kuitekeleza sera hiyo. Mhadhara huu unavitazama vikao hivyo kwa kuzingatia wilaya mbili jirani za Mkoa wa Tanga, yaani Handeni na Korogwe.

Hoja yangu ni moja. Tangu miaka ya 1920 hadi leo, manufaa ya mikutano hiyo yametegemea mambo mawili: kwanza, iwapo mwalimu wa darasani alikuwamo, pili, iwapo aliruhusiwa kufikiri kuhusu lugha ya kigeni kwa kutumia lugha anayoimudu.

2. Mazingira ya wilaya hizi mbili

Korogwe iko kando ya Mto Pangani. Reli iliyoanzia Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaleta wafanyakazi wa makabila mengi ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Handeni iko kusini ya mto, katika nchi ya Wazigua, mbali na reli. Barabara ya kutoka Korogwe hadi Handeni, yenye urefu wa takriban kilomita 65, haikuwa na lami hadi karne hii ya 21. Jambo hili si dogo kwa mada yetu. Mkutano ulipoitishwa Korogwe, penye chuo cha ualimu, mwalimu wa Handeni alilazimika kusafiri katika vumbi la kiangazi au tope la masika, na darasa lake lilibaki bila mwalimu.

Yafaa pia tuwe waangalifu na istilahi yenyewe ya “lugha ya kigeni”. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa Kizigua wa Handeni hakukisikia Kiswahili nyumbani. Wamisionari wa UMCA walilijua hilo: kamusi ya Kizigula na Kiingereza iliyotungwa na W. H. Kisbey ilichapishwa mwaka 1906. Kwa hiyo, mwalimu wa kwanza wa lugha isiyo ya nyumbani katika eneo hili hakuwa mwalimu wa Kiingereza. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili.

3. Mikutano bila mwalimu: 1925 hadi 1930

Wakati wa utawala wa Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilifundisha kwa Kiswahili na kutoa makarani na walimu waliopelekwa bara. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa shuleni hapo hadi vita vya kwanza vya dunia, liliwawezesha wasomi hao kuandikiana kutoka vituo vyao. Tunaweza kuliita gazeti hilo mkutano wa maandishi, na sifa yake kubwa ni kwamba waliolijaza habari walikuwa wafanyakazi wenyewe, wakiandika kwa Kiswahili.

Chini ya Waingereza mambo yalikuwa tofauti. Mwezi Oktoba 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, ambapo suala la kusanifisha Kiswahili lilijadiliwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa, uliohudhuriwa pia na mtaalamu wa Kijerumani Carl Meinhof, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Maamuzi hayo yalibadili vitabu vya kila shule, zikiwamo za Korogwe na Handeni. Hata hivyo, mwanzoni kamati hiyo haikuwa na wajumbe Waafrika. Mwalimu aliyekuwa akisahihisha madaftari hakuulizwa. Aliletewa kitabu na kuambiwa afuate.

4. Makerere, 1961

Mwezi Januari 1961, mwaka uleule wa uhuru wa Tanganyika, ulifanyika Makerere mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Mwaka 1992 Robert Phillipson, katika kitabu chake kuhusu ubeberu wa kiisimu, aliichambua misimamo mitano aliyoihusisha na mkutano huo: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kikianzwa mapema ni bora, kwamba kikifundishwa kwa wingi matokeo huwa mazuri, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza hushuka.

Misimamo hii ilienea mbali kuliko ukumbi wa Makerere. Hadi leo mwalimu anayetumia Kiswahili katika somo la Kiingereza hujiona mkosaji. Tuipime basi kwa mifano mitatu ya kawaida. Kwanza, “yeye” wa Kiswahili humfaa mama na baba. Ndiyo maana mwanafunzi huchanganya he na she. Pili, Mswahili husema “nimemwona jana” bila shida, lakini Kiingereza hakikubali hali timilifu iandamane na neno la “jana”. Mwanafunzi anayeandika I have seen him yesterday anafuata mantiki ya lugha yake. Tatu, sauti mbili za Kiingereza zinazoandikwa th zimo katika Kiswahili: ya kwanza katika “thelathini”, ya pili katika “dhahabu”. Mwalimu ambaye darasa lake husema “selasini” na “zahabu” anaweza kuzifundisha lugha zote mbili kwa zoezi moja. Maarifa haya hayapatikani katika mkutano unaokataza Kiswahili, kwa kuwa chanzo cha kosa kiko katika lugha iliyokatazwa.

5. Walimu wa vijijini

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha. Kuanzia mwaka 1976, vijana waliomaliza darasa la saba waliteuliwa, wakafundisha huku wakijifunza ualimu papo hapo vijijini kwa miaka mitatu. Walitumia masomo ya posta, vipindi vya redio na vikao vya ana kwa ana chini ya wakufunzi, kisha wakamalizia kwa wiki sita za bweni chuoni.

Kimuundo, mpango huu ulikuwa karibu na mwalimu kuliko wowote uliotangulia. Kikao kilimfuata alipo, kilijirudia, na kiliendeshwa kwa Kiswahili. Upungufu wake mkubwa kwa upande wetu ulikuwa Kiingereza chenyewe. Kijana aliyejifunza lugha hiyo kama somo tu katika shule ya msingi alitakiwa kuifundisha, na mafunzo yake yalilenga zaidi mbinu kuliko kuiongeza lugha aliyokuwa nayo. Hakuna mbinu inayoweza kufidia msamiati ambao mwalimu hana.

6. Miaka ya 1980: semina na masharti

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd waliandika taarifa iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia. Walipendekeza, hata hivyo, kiimarishwe badala ya kuachwa. Mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza ulianza mwaka 1987 kwa fedha za Uingereza, ukaleta vitabu vya kusoma na mafunzo kwa walimu wa sekondari. Baadhi ya wanazuoni wameeleza kwamba msaada huo uliambatana na matarajio kwamba Kiingereza kingeendelea kufundishia.

Kuanzia hapo semina ya ngazi kwa ngazi ikawa desturi: wachache hufundishwa, nao hurudi kuwafundisha wengine. Udhaifu wake ni dhahiri. Mbinu huweza kusimuliwa na mtu aliyeisikia kwa siku tano. Umahiri wa lugha hausimuliki. Mwalimu wa Handeni aliyeko mwisho wa mnyororo hupokea muhtasari wa muhtasari.

7. Hali ya sasa

Mwanzoni mwa miaka ya 2020, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) yalileta mwelekeo mwingine. Walimu hukutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni mwao na katika vituo vya walimu, wakajadili matatizo ya madarasa yao. Tanga pia ni miongoni mwa mikoa tisa ya programu ya Shule Bora. Umuhimu wa jambo hili uliongezeka baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo kutolewa upya katika toleo la 2023, kwani mitaala iliyoanza kutekelezwa mwaka 2024 inafundisha somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza.

Muundo huu una jambo ambalo mikutano ya 1928 na 1961 haikuwa nalo: mwalimu yumo ndani. Swali la pili, lile la lugha, bado halijajibiwa. Iwapo jumuiya hizi zitaendeshwa kwa Kiingereza cha kukariri, walio hodari watasema na wengine watanyamaza. Iwapo zitaendeshwa kwa Kiswahili pekee, mwalimu atarudi darasani na Kiingereza kilekile alichokuja nacho.

8. Hitimisho

Napendekeza kikao kigawanywe waziwazi. Sehemu moja iwe ya kusoma, kusikiliza na kuzungumza Kiingereza, ambamo mwalimu anakuwa mwanafunzi bila kuona haya. Sehemu nyingine iwe ya kuchambua makosa ya wanafunzi kwa Kiswahili, na pale inapobidi kwa Kizigua, Kisambaa au Kibondei. Makosa hayo yaandikwe na kuhifadhiwa katika kituo cha walimu, yawe akiba ya wanaokuja.

Hapa wataalamu wa Kiswahili wana deni. Walimu wanaofundisha Kiswahili kwa wageni nao wana mikutano yao, ikiwamo ya CHAUKIDU, chama kilichoundwa mwaka 2012. Wanayajua makosa ya Mwingereza anayejifunza Kiswahili, na njia hiyohiyo ya kulinganisha lugha ndiyo anayoihitaji mwalimu wa Kiingereza wa Handeni. Isimu linganishi ya Kiswahili na Kiingereza imekaa mno katika tasnifu za vyuo vikuu. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi na ipelekwe vituoni, kwa kuwa mtoto anayeingia kidato cha kwanza Korogwe au Handeni atafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza, na maandalizi yake yanategemea kile ambacho mwalimu wake wa darasa la kwanza hadi la mwisho alipata nafasi ya kujifunza.